Kitabu cha Chui Mweusi: ukurasa wa baba nimsomee vipi mwanangu?

mama_wa_kwahani

Assalaam alaykum jamani wa humu ndani. Naomba msaada, na naomba asinicheke mtu maana hili linanikosesha usingizi usiku wa tatu huu.

Nna mtoto wa kiume wa miaka sita, kaingia darasa la kwanza mwaka huu. Wifi yangu anaishi Uingereza, alikuja mwezi uliopita kumuangalia mama yake akamletea mtoto kitabu cha picha kilotolewa kwenye ile filamu ya Black Panther ya 2018, ile ya Wakanda alocheza marehemu Chadwick Boseman, na Lupita Nyong'o yumo. Kitabu kizuri sana, jalada gumu, karatasi zinateleza, kila ukurasa picha kubwa na chini yake mistari mitatu minne ya Kiengereza. Kiengereza changu si cha kusema mbele za watu lakini hicho cha watoto nakiweza, kwa hiyo kila usiku tukishasali Isha na kula anapanda kitandani na kitabu chake kifuani, mie nasoma mstari kimoyomoyo halafu namwambia kwa Kiswahili.

Tatizo la kwanza dogo, maneno. Nikimwambia "shujaa" ananikatalia, anasema mama si shujaa, stelingi. Ile nguo nyeusi nikisema vazi anasema jezi. Nikifika kwenye yale madini yao ya vibranium nakwama nasema chuma, anan'ambia chuma kinashika kutu mama, hichi hakishiki. Hayo tunacheka yanapita.

La pili ndo lilonileta. Baba yake alifariki mwaka jana. Mie nshatoka eda lakini nyumba bado haijakaa. Mtoto alilia siku mbili halafu akanyamaza, tokea siku hiyo hamtaji. Sasa kwenye kitabu T'Challa, ndo huyo Chui Mweusi mwenyewe, baba yake mfalme kashakufa na yeye ndo anatakiwa akae kwenye kiti, wanamnywesha maji ya ule mmea wao, wanamfukia kwenye mchanga mwekundu, ukifunua ukurasa yuko uwandani usiku, mbingu ya zambarau, chui weusi wamekaa juu ya mti, na baba yake kasimama pale anamngojea. Usiku wa kwanza nilisoma tu bila ya kufikiri. Mtoto kaweka kidole kwenye zile ndevu nyeupe za mfalme, hakiondoi, halafu kaniuliza, mama, kamuona baba yake kwa kunywa ile dawa? Nikasema ndio. Akasema, na mie nikinywa?

Nilifunga kitabu nikamwambia lala. Usiku wa pili nikashika kurasa mbili pamoja nikaruka, kumbe mwenzangu kashatia dole gumba pale pale, akan'ambia umeruka, rudi. Jana nimejifanya nimelala kabla yake.

La tatu ni mama mkwe, tunakaa naye, mtu wa Makunduchi. Kaliona jalada kasema chui huyo? Chui hawekwi ndani ya nyumba, chui ana mwenyewe. Kesha kugeuza uso. Sasa mie niko katikati, kitabu kaleta mwanawe, mtoto anakipenda kama roho yake, bibi hakitaki, na mie ukurasa mmoja unanishinda. Nifanyeje? Nikifiche? Nibadilishe hadithi? Nimwambie nini mtoto?

---

mwl_machomane

Waalaykumu salaam mdogo wangu, pole sana, Mwenyezi Mungu amlaze marehemu pema. Hakuna wa kukucheka hapa.

Mie nasomesha maandalizi huku Chake mwaka wa kumi na tisa huu, na nnavokwambia ni katika kukaa mkekani na watoto. Usiruke ukurasa. Mtoto wa umri huo kitabu anakijua kwa mkono, anajua pahala picha fulani ilipo hata taa ikizimwa, ukiruka anachokifahamu ni kuwa pale pana kitu mama anakiogopa, na akishajua unakiogopa basi hatokuuliza tena wewe, atakwenda kujiuliza peke yake. Kwamba kakuuliza mbele yako hiyo ni neema. Alikuwa hamtaji baba yake, leo kamtaja, kamtajia kwenye ndevu za mtu mwengine lakini kamtaja.

La pili, acha kufasiri. Fanya hivi: weka kiganja chako juu ya yale maneno ya Kiengereza, uyafunike kabisa, na umhadithie picha. Unaposoma kimoyomoyo halafu ukasema, mtoto anakungoja wewe na wewe unakingoja kitabu, mnakaa wawili mnamtumikia mtu wa tatu. Ukifunika maneno hadithi inakuwa yako, na ukianza anza kama tulivoanziwa sie, Paukwa! na yeye aitike Pakawa! Usilione hilo dogo. Ule ni mlango. Mtoto akishaitika pakawa anajua kaingia nyumba ya hadithi, na ndani ya nyumba hiyo sungura anasema, mti unatembea, mtu anakunywa dawa akamuona baba yake, na mkitoka mmetoka. Mtoto wangu wa darasani hajapata kutoka akenda kumsemesha punda barabarani kwa kuwa nimemhadithia punda anaesema. Lakini filamu na kitabu cha rangi havina mlango, vinaanza tu, ndo maana kakuuliza "na mie nikinywa".

Stelingi muache aseme stelingi, si kosa, babu zake walisema hivo hivo wakitoka sinema.

Na kama unataka kumpa stelingi wa kwetu wa kumuweka pembeni ya huyo, mhadithie Nunda mla watu. Hadithi hiyo ni ya hapa hapa, yule askofu Steere aliiandika kutoka kwa watu wa Unguja akaitia kwenye kitabu chake cha 1870, na kabla yake ilikuwa ikisemwa. Paka wa Sultani Majnun alianza na kuku, Sultani akasema paka wangu na kuku wangu, akaja ndama, akaja watu, mpaka akala watoto wa Sultani mwenyewe, na alotoka kwenda kumtafuta ni yule mdogo wa mwisho wote walomdharau. Kila mnyama anomuuwa anamburura mpaka nyumbani anamuuliza mama yake, ndiye? Mama anamwambia mwanangu siye huyo. Anarudi tena porini. Darasani kwangu tunaiimba, na watoto wanavongoja ile "siye" ya mama utasema wanangoja sahani ya ubwabwa.

---

kusini_mashamba

Shemeji pole. Mie ntajibu la mama mkwe tu, maana ni kwetu.

Usimuone bi mkubwa ana ushirikina wa bure. Watu wa kusini wa umri wake chui walimjua. Unguja ilikuwa na chui wake wenyewe, mdogo kuliko wa bara na madoa yake madogo madogo yamekatikakatika, anaishi kwenye misitu ya mawe huko kwetu, na watu wakiamini kuna chui wa porini na kuna chui wa kufugwa, huyo wa kufugwa anatumwa na mwenyewe kula mbuzi wa mtu au kumtisha mtu njiani. Ndo hilo neno lake "chui ana mwenyewe". Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulikuwa na msako mkubwa, waliwindwa chui na walowindwa pia ni hao walodhaniwa wanawafuga, na kufika miaka ya 1990 watafiti walokuja kutafuta walitoka na khofu kwamba kashakwisha. Mwaka 2018, mwaka huo huo wa filamu yenu, watu wa televisheni ya wanyama wakasema kamera yao imemnasa mmoja usiku, wengine wakakubali wengine wakakataa, na hajaonekana tena kwa ushahidi wa kutosha.

Kwa hiyo fikiria, mtu alokuwa akiambiwa utotoni usitoke nje ukasikia sauti kama ya msumeno, leo analetewa mjukuu wake kitabu chui ndiye mfalme mwema. Inamgonga. Usibishane naye na wala usimfichie kitabu. Mwambie mama hebu tuhadithie wewe huyo chui wa kwenu alikuwaje. Wazee wetu hawajaulizwa.

Na huyo chui mweusi si mnyama mwengine, ni chui huyo huyo rangi imezidi, ukimtazama kwenye jua kali madoa yanaonekana chini ya weusi kama doa la mafuta kwenye buibui. Kenya kule Laikipia 2019 kuna mpiga picha kampata mmoja usiku, picha zikaenea dunia nzima, zitafute umuoneshe mtoto.

Chui wetu aliepakiwa nlimuona mie kwenye makumbusho ya Mnazi Mmoja tulipopelekwa na skuli. Sijamsahau mpaka leo, macho ya gilasi. Uliza kwanza kama pako wazi kabla hujamfunga mtoto viatu.

---

abusalma_wete

Assalaam alaykum. Dada yangu pole, na mwalimu namheshimu, lakini mie sitokubaliana naye moja kwa moja na naomba nisikilizwe.

Mie filamu nimeiona na watoto wangu wakubwa. Ile si dawa tu. Wale wana mungu wao wa kike wa chui, Bast, jina limetoka kwa Wamisri wa kale, na ile sehemu anokwenda T'Challa ni kwa mababu zake, anawaomba nguvu. Kwa mtu mzima ni filamu. Kwa mtoto wa miaka sita alozika baba yake juzi, anaelala chumba ambacho kanzu ya baba bado imetundikwa, si filamu tena, ni njia. Kashakuuliza njia. Mlango wa paukwa ni mzuri kwa mtoto mwenye raha zake, lakini huyu ana haja, na mwenye haja hupita hata pasipo mlango.

Mie ningekiweka juu ya kabati mpaka afike miaka minane tisa. Kama hutaki kumuumiza basi angalau mwambie wazi, baba yako hatumuoni sasa, na hakuna dawa, na mtu yeyote akikwambia ananyo dawa ya kumuona baba yako njoo uniambie mie haraka. Hilo la mwisho usilisahau, waganga wapo.

Lakini usimwache mikono mitupu. Kuna hadithi ya Mtume swalla Allahu alayhi wasallam kwamba mwanaadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa matatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anaemuombea. Mwambie ndo wewe huyo wa tatu. T'Challa anafukiwa mchanga ili baba ampe kitu, wewe huhitaji kufukiwa, unanyanyua mikono yako miwili hapo hapo kitandani unampelekea baba kitu. Mie nlifiwa na baba nkiwa na miaka saba, marehemu bibi yangu ndo alonambia maneno haya, na usiku ule nlihisi nimekabidhiwa kazi. Nimekaa na kazi hiyo mpaka leo nna ndevu nyeupe mwenyewe.

Na mwambie Mtume wetu alizaliwa baba yake kashafariki.

---

mwl_machomane

Abusalma, kaka yangu, hilo la mikono miwili limenitoa machozi. Nakubali mlango peke yake hautoshi. Ila kwenye kabati sikubali, akikiona juu hafiki ndo atakitaka zaidi na atakifikiria usiku.

Mama Kwahani, na mie nataka kukuomba, hicho kitabu kikitulia naweza kupata fotokopi na tukabandika Kiswahili juu yake kwa ajili ya darasa? Huku vitabu vya hadithi vya rangi ni vichache mno.

---

mfasiri_vuga

Jamani nimechelewa lakini hii mada imenikaa. Kazi yangu kufasiri, na filamu hii nimeiona mara nyingi kuliko ninavoweza kukubali mbele ya mama yangu.

Mama wa Kwahani kuna kitu sidhani kama kimo kwenye kitabu chako, lakini kimo kwenye filamu na ndo nnachotaka ukipate. Filamu inaanza kwa kiza, sauti ya mtoto inasema Baba. Kwa neno hilo hilo, Baba, si kwa Kiengereza. Baba anaitika. Mtoto anamuomba amhadithie, baba anamuuliza hadithi gani, mtoto anasema ya nyumbani. Halafu ndo inakuja habari ya kimondo kilichoanguka na makabila matano. Yaani mambo yote yale ya mapigano na ndege na mashine ni hadithi ya usiku mtoto anaomba kwa baba yake, na wewe bila ya kujua umekuwa ukifanya jambo lile lile na kitabu kile kile.

Sasa ule ukurasa. T'Challa anakwenda kule mara mbili. Mara ya kwanza anapiga magoti, analia, anamwambia baba yake hayuko tayari kukaa bila yake. Mara ya pili ni baada ya kupigwa na adui yake Killmonger akarushwa kwenye maporomoko, yuko baina ya uhai na mauti, na baba yake anamwambia wakati umefika, njoo tukae pamoja. Na T'Challa anakataa. Anampenda baba yake, na kashagundua baba yake aliwahi kukosea jambo kubwa, anamwambia lazima nirudi. Anarudi kwa mama yake Ramonda na dada yake Shuri waliomkalia kwenye theluji kule kwa Jabari, watu wa milimani, wamemzika kwenye theluji mpaka shingoni wanamngojea afumbue macho.

Hichi ndo cha kumwambia mtoto. Kwamba kila alipomuona, alirudi. Nguvu zote zile na makucha yote yale, hakubakia kule, kwa sababu mama anamngojea.

Ila nakuonya kitu kimoja. Kama utakuja kumuonesha filamu akikua, kuna maneno mfalme T'Chaka, huyo baba yake T'Challa, anasema pale uwandani kuhusu baba na kuwatayarisha watoto wake kwa kifo chake. Ni mazuri kwa aliepata wakati wa kutayarisha. Kwa mume alokwenda ghafla yanaweza kukuchoma wewe zaidi kuliko mtoto. Usiyafasiri. Si kila kilosemwa lazima kifasiriwe, na hii nasema kama mtu anaelipwa kwa kufasiri.

Maneno mengine: usihangaike sana, nusu ya kazi washakufanyia. Lugha wanayoisema Wakanda kwenye filamu ni Kixhosa cha Afrika Kusini, mzee John Kani alocheza mfalme ni Mxhosa, ndo alianza kukisema kwenye filamu ya 2016 ya Captain America na kikabakia. Kixhosa na Kiswahili ni ndugu wa Kibantu, wao wanasema abantu sie watu. Halafu wale watu wa milimani ni Jabari, neno unalolijua. Na shanga zao za mkononi za kuwasiliana zinaitwa Kimoyo, sijui alobuni aliwaza nini lakini mwambie mtoto ni shanga za moyo, atafahamu papo hapo. Chuma kisichoshika kutu mwambie chuma cha nyota, maana kimeanguka kutoka mbinguni.

Usishangae pia kama kitabu hakifanani na filamu. Vitabu hivi vya watoto mara nyingi huandikwa kutoka kwenye maandishi ya filamu wakati filamu yenyewe haijamalizika, ili vitoke dukani siku moja nayo, kwa hiyo mara nyengine pana jambo kitabuni ambalo kwenye sinema lilikatwa. Na filamu ya dakika 134 ikibanwa kwenye kurasa thelathini na kitu kinachokwenda mwanzo ni kifo. Watoto hawaoneshwi mtu anavokufa, wanaoneshwa tu kwamba hayupo. Nadhani hapo ndo mwanao kakwama, kaoneshwa baba hayupo halafu kaoneshwa yupo, na katikati hapana kitu.

Mwalimu, fotokopi na kubandika kwa ajili ya darasa zima usifanye, hakimiliki ina wenyewe na hapa kwetu ipo COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar. Lakini kuhadithia kwa mdomo hakuna wa kukukataza, na watoto wakachora picha zao wenyewe za chui mkabandika ukutani, hicho ni kitabu chenu.

---

popo_wa_kidike

Mie mtu wa Pemba, chui kwetu hatukuwa nao, kwa hiyo hayo ya kufuga siyajui. Ila nna la kwangu.

Wangu mie ana yule wa popo, Batman. Kapewa kijitabu na binamu yake wa Dar, hakivui. Na mie nkasema huyu bwana mbona sie tuna popo wa kweli, nkampakia kwenye vespa tukenda Kidike. Popo wa Pemba ni mkubwa, akifungua mabawa anakaribia urefu wa mtu mzima, uso mwekundu kama mbweha, na hayuko pahala pengine popote duniani ila kisiwani petu. Zamani tukiwala, miaka ya 1990 walikaribia kumalizika, halafu wanavijiji wenyewe wakakubali kuwalinda na sasa wamejaa pale kwenye miti kama maembe. Mtoto kasimama chini ya mti kanyamaza, halafu kan'ambia kwa sauti ndogo, baba, wote hawa ndo yeye?

Nnalotaka kukwambia dada, hebu wahesabu hawa mastelingi. Batman wazazi wake waliuliwa mbele yake. Superman wake wamekwisha na sayari yao. Spider-Man kalelewa na ami yake na mke wa ami yake, na ami naye akauliwa. Huyu wako ndo huyo. Karibu wote mayatima. Mie baba yangu yuhai, nlikuwa silioni hilo mpaka niliposoma swali lako. Mwanao huenda hakukipenda kitabu kwa ajili ya makucha.

---

mama_wa_kwahani

Nimesoma yote, nimesoma mara mbili, nyengine nimemsomea mama mkwe kwa sauti. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Popo wa Kidike maneno yako ya mwisho sikuweza kuyamaliza kwa sauti.

Nawaambia ya jana.

Nilimwambia mtoto leo hatusomi, leo tunahadithiana. Akakasirika kidogo. Nikaweka kiganja juu ya maneno kama alivosema mwalimu, nikasema Paukwa, na kabla mtoto hajajibu sauti imetoka mlangoni, Pakawa! Mama mkwe. Kasimama na kanga yake ya kulalia, kasema endelea.

Nikaendelea. Chuma cha nyota kakikubali mara moja. Shanga za moyo kataka na yeye. Tulipofika ukurasa ule nimeona anavuta pumzi, dole gumba lipo pale pale. Nikamwambia huyu ni baba yake, kashafariki, hii ni hadithi na ndani ya hadithi kamuona. Akanyamaza. Nikasema baba yake alimwambia njoo ukae na mie. Akasema, akakaa? Nikasema hakukaa. Kwa nini? Nikasema mama yake na dada yake wamekaa nje kwenye baridi kubwa wanamngojea, hawakulala. Akaniangalia mie, hakuangalia kitabu. Akasema, basi arudi mama, watapata homa.

Halafu nikamwambia la Abusalma, la dawa kuwa haipo, na la mikono. Kanyanyua mikono pale pale, hajui dua ya kumuombea maiti, kasoma Alhamdu kwa haraka kama wanavoisoma chuoni mpaka mwisho, akapangusa uso. Akauliza imefika? Mama mkwe ndo alojibu, mie koo ilikuwa haina sauti. Kasema imefika mjukuu wangu. Halafu kamtaja baba yake, mwenyewe, kauliza baba alikuwa akiogopa chui?

Basi mama mkwe kapanda kitandani. Miguu yake inamuuma, kitandani kwetu hajapata kupanda. Kahadithia kwamba babu yake alikuwa na mbuzi watano, na usiku mmoja wakasikia ile sauti ya msumeno, kaka wa kusini ulisema kweli, kaigiza kwa mdomo mpaka mie nywele zimenisimama, na asubuhi mbuzi wakawa wanne, na babu akatoka na panga lakini hakwenda mbali, kafika mpaka kwenye mbuyu akarudi kasema yule si wa porini. Mtoto macho yametoka. Kauliza alikuwa mweusi? Bibi kasema hapana, wa madoa. Kauliza mwenyewe alikuwa nani? Bibi kasema hilo nalijua lakini silisemi.

Mpaka saa nne hawajalala wawili hao. Kitabu kimebakia wazi miguuni kwao nimekiokota mie.

Kaka wa kusini nimetuma mtu kuuliza Mnazi Mmoja kama pako wazi Jumamosi. Mama mkwe kasema kama ni kwenda kumuangalia huyo chui basi na yeye anakwenda, lakini haingii mpaka mtoto aingie mwanzo.